Deni la Bibi Titi Halilipwi kwa Jina la Barabara

Mwezi wa Novemba una mambo mawili kwetu sisi wa Mkoa wa Mara. La kwanza ni la Taifa zima: tarehe 5 Novemba 2000 alifariki dunia, mjini Johannesburg alikokuwa akitibiwa, Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyewaingiza wanawake wa Tanganyika kwa maelfu katika mapambano ya kudai uhuru. La pili ni letu wenyewe, wala si la kujivunia: Novemba ni mlango wa Desemba, na Desemba, shule zifungwapo, ndiyo majira ambayo baadhi ya koo katika wilaya za Tarime na Serengeti zimezoea kuwapeleka mabinti kwa ngariba. Tunayaweka mambo hayo mawili katika safu moja kwa makusudi. Kumkumbuka marehemu ni jambo jema, lakini kumkumbuka mtetezi wa wanawake huku tukiyafumbia macho yatakayotokea mwezi unaofuata ni kumfanyia marehemu dhihaka.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Nayo mafundisho ya dini yametuonya kwamba shukrani kwa Mwenyezi Mungu haikamiliki palipo na utovu wa shukrani kwa waja wake waliotutendea wema. Kwa hiyo leo tunausimulia wasifu wa Bibi Titi kwa wasomaji wetu wa bara na wa visiwani, na hasa kwa watumishi wa Serikali waliokabidhiwa dhamana katika wilaya zetu. Tunausimulia pamoja na kurasa zake chungu, maana wasifu uliokatwa kurasa si wasifu.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Baba yake hakupenda binti yake aende shule. Sisi tuliopita chuoni kabla ya kupita shuleni twaielewa hofu ile. Wazee wengi wa Kiislamu wa zama zile waliamini kwamba shule ya Serikali ya kikoloni, sembuse ile ya misheni, ingempokonya mtoto dini yake na adabu ya kwao. Baada ya baba kufariki, mama ndiye aliyempeleka shule, naye akasoma hadi darasa la nne tu. Alipovunja ungo akawekwa ndani kama ilivyokuwa desturi ya pwani, na kutoka humo akaozwa akiwa bado binti mdogo, kwa mume aliyemzidi sana umri. Ndoa ile haikudumu. Akaachwa na mtoto mmoja wa kike.

Msomaji wa Tarime au wa Ukerewe ataona kwamba hadithi hiyo si ngeni kwake. Ukibadilisha majina na kuweka ng'ombe mahali pa mahari ya pwani, hiyo ni hadithi ya mabinti wengi wa kwetu: elimu fupi, ndoa ya mapema, talaka, na mtoto wa kulea. Tofauti ni kwamba binti huyu wa Dar es Salaam alikuwa na sauti. Akawa mwimbaji mkuu wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na mji mzima ukamfahamu.

Hapo hapana budi tueleze vikundi vya ngoma vilikuwa nini, maana ndiyo siri ya kazi yake yote. Katika Dar es Salaam ya wakati wa ukoloni, wanawake wengi wa Kiafrika hawakuwa na chama cha siasa, hawakuwa na nafasi katika baraza lolote la Serikali, wala hawakuajiriwa maofisini. Walichokuwa nacho ni vikundi vyao vya lelemama na ngoma nyinginezo. Vikundi hivyo vilikuwa na viongozi wake, na michango yake, na sare zake, na taratibu za kuzikana na kusaidiana katika harusi na misiba. Vilikuwa na wanachama wa makabila mengi waliounganishwa na Kiswahili. Kwa maneno mengine, wanawake wale walikuwa wamekwisha kujipanga zamani. Hapakuwa na mtu aliyewaona kuwa wamejipanga, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyedhani kwamba ngoma ni jumuiya.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Katikati ya mwaka 1955 alifika nchini John Hatch, mjumbe wa chama cha Labour cha Uingereza, akauliza wanawake wa TANU wako wapi. Swali lile liliwakuta viongozi hawana jibu la kuonyesha. Ndipo Mzee Schneider Plantan, mmoja wa wazee wa Dar es Salaam walioisukuma TANU mbele, alipowaendea Bibi Titi na mumewe wa wakati ule, Boi Selemani. Kadi ya mume ilikuwa namba 15, ya mke namba 16. Pamoja na Bibi Tatu binti Mzee, akaanza kazi ya kuwakusanya wanawake.

Hakuanza kwa kuitisha semina. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja baada ya mwingine, akazungumza nao kwa lugha yao, nao wakawaleta wanachama wao. Ilipofika Oktoba mwaka huo huo wa 1955, wanawake zaidi ya 5,000 walikuwa wamekwisha kukata kadi za TANU. Tuipime hesabu hiyo vizuri. Chama kilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache. Wanaume wengi waliokuwa watumishi wa Serikali ya kikoloni walizuiwa kujiunga na siasa, na walikuwa na mshahara wa kupoteza. Wanawake hawa, wauza vitumbua, wapika pombe, mama wa nyumbani, hawakuwa na mshahara wa Gavana wa kupoteza. Walijiunga hadharani, wakachanga senti zao, wakawapokea wageni wa Chama majumbani mwao, wakazificha kadi za wale walioogopa kuonekana nazo. Chama chetu kilisimama juu ya mabega hayo.

Kutoka Dar es Salaam, Bibi Titi alifuatana na Mwalimu Nyerere na viongozi wengine katika safari za majimboni, barabara mbovu, magari mabovu, vumbi na mvua. Haikuwa kazi nyepesi kwa mwanamke wa Kiislamu wa miaka ile kuiacha nyumba na kusafiri na wanaume wasio ndugu zake, kisha kupanda jukwaani na kuhutubia maelfu. Wako waliomsema vibaya. Hakurudi nyuma. Hakuwa na Kiingereza cha kutamba nacho. Silaha yake ilikuwa Kiswahili kilichonyooka, na ujasiri wa mtu aliyezoea kuimba mbele ya umati.

Sisi wa huku tulikuwa sehemu ya Jimbo la Ziwa, lililokusanya pamoja Mwanza, Ukerewe na visiwa vyake, Musoma, na ile iliyoitwa Mara Kaskazini, yaani Tarime ya leo. Wakoloni waliliogopa jimbo hili. Katika Usukuma, TANU ilipigwa marufuku tangu mwaka 1954 hadi 1958. Uhuru ulipofika tarehe 9 Desemba 1961, wazee wetu waliupokea kama watu walioulipia, na katika malipo hayo mlikuwamo senti za wanawake.

Tukumbuke pia kwamba uchaguzi wa mwanzo wa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, ule wa miaka ya 1958 na 1959, uliwekewa masharti ya kipato, elimu na aina ya ajira. Masharti yale yaliwaacha nje wananchi wengi, na wanawake ndio walioachwa zaidi. Kwa hiyo waliokuwa wakijaza mikutano ya Mnazi Mmoja wengi wao hawakuwa na haki ya kupiga kura waliyokuwa wakiwaombea wengine. Walifanya kazi ya haki kabla ya kuionja.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda haraka. Julai 1962 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano uliozaa umoja wa wanawake wa Afrika nzima, na siku ya kuasisiwa kwake, tarehe 31 Julai, huadhimishwa hadi leo kuwa Siku ya Wanawake wa Afrika. Novemba mwaka huo huo ikaundwa UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, na Bibi Titi akawa Mwenyekiti wake wa kwanza. Alikuwa Mbunge, kisha akawa Waziri Mdogo aliyeshughulikia maendeleo ya jamii. Mwanamke wa darasa la nne, aliyewekwa ndani na kuozwa angali mtoto, sasa alikuwa akiketi pamoja na walioitawala nchi.

Hapa ndipo wasifu mwingi unaosomwa kwenye sherehe hukoma, na msomaji akarukishwa hadi kaburini. Sisi tutaendelea.

Mwaka 1965 Bibi Titi alikishindania kiti chake cha Rufiji, akashindwa. Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na miiko ya uongozi ikamkataza kiongozi, pamoja na mambo mengine, kupangisha nyumba. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka huo akajiuzulu katika Kamati Kuu ya TANU na katika uongozi wa UWT. Shabaha ya Azimio ilikuwa njema, na hatuandiki leo kulibeza. Lakini haki yatudai tuseme jambo ambalo halikusemwa sana wakati ule. Kwa mwanamume mwenye mshahara, shamba la ukoo na mke wa kumpikia, nyumba ya kupangisha yaweza kuwa tamaa. Kwa mwanamke aliyewahi kuachwa na mtoto mkononi, asiye na urithi wa ukoo wala cheti cha kumpatia kazi, nyumba ya kupangisha ni mume asiyetoa talaka. Kipimo kilikuwa kimoja kwa wote, lakini waliopimwa hawakuwa wamesimama mahali pamoja. Na mwaka 1991 Azimio la Zanzibar liliilegeza miiko ile, hata viongozi wakaruhusiwa yale ambayo miaka 24 kabla yake yalimtoa Bibi Titi katika uongozi.

Oktoba 1969 alikamatwa. Yeye, Michael Kamaliza aliyewahi kuwa Waziri, na maofisa kadhaa wa jeshi walishtakiwa kwa kosa la uhaini, kwamba walipanga njama ya kuiangusha Serikali, huku Oscar Kambona aliyekuwa nje ya nchi akitajwa kuwa kinara wao. Kesi ilianza mwaka 1970 ikachukua siku 127. Bibi Titi alikana, mahakama ikamtia hatiani, akahukumiwa kifungo cha maisha. Si kazi ya safu hii kuirudia kesi iliyokwisha. Mwaka 1972 Mwalimu Nyerere alimsamehe, akatoka gerezani.

Lakini yako mambo mawili ya kipindi kile ambayo hatuwezi kuyapita. La kwanza ni kwamba alipotoka hakuikuta ndoa yake. Mume wake alikwisha kumtaliki angali kifungoni. La pili ni zito zaidi. Mwaka 1971, wakati Bibi Titi yumo gerezani, Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa. Sheria ile iliziweka ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za Serikali chini ya paa moja. Iliamuru kwamba mume wa mke mmoja asiibadili ndoa yake kuwa ya wake wengi pasipo mke kuridhia. Ilitamka kwamba mume hana haki ya kumpiga mkewe. Ilimpa mke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe na kuipeleka talaka mbele ya mahakama badala ya kusubiri neno la mume. Yalikuwa madai ambayo wanawake wa UWT waliyapigania. Basi mwenye kuupanda mti alikuwa nyuma ya kuta siku matunda yalipoiva, na wengine ndio waliopokea makofi.

Baada ya hapo ikafuata miaka mingi ya ukimya. Jina lake halikutajwa majukwaani. Vijana walisoma historia ya kupigania uhuru bila kumkuta. Aliishi Dar es Salaam kama raia wa kawaida, akapita mitaani, na watoto wa wale aliowakatia kadi hawakumjua. Mwaka 1991, Taifa lilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru, hatimaye akatajwa tena miongoni mwa mashujaa. Alipofariki mwaka 2000 alizikwa kwa heshima. Leo iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed katikati ya Dar es Salaam, na magari kwa maelfu huipita kila siku.

Tunashukuru kwa barabara ile. Lakini twauliza: je, mwanamke aliyetolea sauti yake kwa ajili ya mabinti, deni lake laweza kulipwa kwa lami?

Jibu letu ni kwamba haliwezi, na sehemu ya deni hilo inatudai sisi wa Mara kuliko wengine. Utafiti wa afya ya uzazi uliofanywa nchini kwa miaka ya 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika Tanzania nzima, wanawake 10 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Katika Mkoa wa Mara walikuwa 32. Mwaka 1996 hesabu ya nchi nzima ilikuwa 18, na utafiti wa mwaka 2022 ukaonyesha imeshuka hadi 8. Maana yake ni kwamba jambo hili linawezekana kukoma, na linakoma. Kinachobaki ni kuuliza kwa nini kwetu linachelewa.

Sheria haikosekani. Tangu mwaka 1998 Sheria ya Makosa ya Kujamiiana imeweka adhabu kwa mwenye dhamana ya msichana wa chini ya miaka 18 atakayemkeketa au kuruhusu akeketwe: kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Hata hivyo kila mtumishi aliyepata kufanya kazi katika vijiji vya Tarime na Serengeti anajua jinsi sheria hiyo inavyokwepwa. Wazee wa mila, wale wa inchama, hukutana faraghani na kuutoa msimu. Habari huenea kwa minong'ono. Ngariba hukata usiku au alfajiri, au huvukwa mpaka kwa ndugu zetu wa Kuria upande wa Kenya, ingawa huko nako sheria ya mwaka 2011 inakataza. Kisha mtoto hupambwa, hutembezwa kwa nyimbo, hupewa zawadi, na baada ya muda ng'ombe huhesabiwa na shule ikawa imekwisha.

Na pale penye mtumishi wa kuzuia, mara nyingine hapana nia. Katibu Tarafa anawaogopa wazee. Mtendaji wa kijiji ni mtoto wa ukoo ule ule. Mgombea anahesabu kura, naye anajua kwamba mabinti wa miaka 12 hawapigi kura, lakini babu zao hupiga. Tunayasema haya kama watu wa Chama, kwa sababu Chama kisichoweza kumwambia mpiga kura kwamba anamwumiza mwanawe kimesahau kilikotoka.

Ukeketaji hausimami peke yake. Umeshikana na suala la mali. Katika desturi yetu mtoto wa kike huonekana kuwa mtu wa kupita, atakayekwenda kuujenga ukoo wa wengine, na ng'ombe watakaotolewa kwa ajili yake ndio watakaomwozea kaka yake. Mama asiye na mtoto wa kiume hana wa kumshikia mji. Ndiyo maana Wakurya wana ndoa ya nyumba ntobhu, ambamo mama wa namna hiyo hutoa ng'ombe na kuoa msichana, ili msichana yule azae watoto kwa jina la nyumba ile na mali isichukuliwe na shemeji. Hatuidharau akili ya mama zetu waliobuni njia hiyo. Waliziba pengo ambalo mila iliwaachia. Lakini twaona pia kwamba mara nyingi mzigo humwangukia msichana maskini asiye na sauti. Njia ya haki ni mama aishike mali kwa jina lake mwenyewe. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango wake katika mali ya ndoa. Maamuzi hayo yapo katika vitabu. Mara ngapi yamesomwa katika baraza la ukoo huko Nyamongo au Mugumu?

Wasomaji wetu wa visiwani wanalielewa jambo hili kwa namna yao. Aishiye Ukara, Irugwa au Rukuba anajua maana ya haki iliyo ng'ambo ya maji. Mahakama ipo, polisi wapo, Dawati la Jinsia na Watoto lipo, lakini kati yako na hayo kuna mtumbwi, nauli, upepo, na kazi ya siku nzima uliyoiacha. Binti wa mlimani Tarime hana ziwa la kuvuka, ila ana usiku wa kutembea kwa miguu kupita mashamba ya ndugu zake wanaomtafuta. Wako waliotembea usiku huo. Wamefika Masanga, wamefika nyumba salama ya Mugumu, wakapokewa, wakalishwa, wakarudishwa shule. Watoto hao wamefanya kwa miguu yao kile ambacho watu wazima wenye magari ya Serikali hawakukifanya.

Ni katika visiwa hivi pia ndimo ulimotoka ushahidi kwamba mbegu ya Bibi Titi haikufa. Mama Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Na tarehe 19 Machi 2021 mzaliwa wa kisiwa kingine, Unguja, Ndugu Samia Suluhu Hassan, aliapishwa kuwa Rais wa kwanza mwanamke wa Jamhuri yetu ya Muungano. Kati ya mwimbaji wa Bomba na mwanamke kuapishwa Ikulu ni miaka 66 tu tangu ile kadi namba 16. Wasemao kwamba mila haibadiliki hawajui kuhesabu.

Basi maisha ya Bibi Titi yanatufundisha nini sisi wa wilaya hizi? Yanatufundisha kwanza namna ya kufanya kazi. Hakuwaambia wanawake waache ngoma zao ndipo wawe watu wa siasa. Aliichukua ngoma yenyewe akaifanya kuwa tawi la Chama. Huku kwetu nako, mabinti hupelekwa kwa ngariba kwa nyimbo, na waimbaji ni mama zao na shangazi zao. Sauti hizo hizo, wakizishika wanawake wenyewe, zaweza kumsindikiza binti kwenda kidato cha kwanza. Tayari zimekuwapo kambi za mafunzo ambamo mabinti hufunzwa yaliyo mema katika mila, wakavuka rika kwa sherehe na zawadi, pasipo wembe. Huo ndio mwendo wa Bibi Titi, na Serikali za mitaa zingeuunga mkono kwa fedha na kwa ulinzi, si kwa hotuba.

Yanatufundisha pili kwamba haki haimsubiri mtu awe na elimu kwanza. Alikuwa na darasa la nne. Mama wa Serengeti asiyejua kusoma anajua vizuri mahali panapomwuma. Akiitwa kikaoni asiitwe kupika chai ya wajumbe. Aitwe kusema, na lisemwalo liandikwe.

Yanatufundisha tatu, na hili ni la Chama na Serikali, kwamba ni rahisi kumtumia mwanamke wakati wa shida na kumsahau wakati wa neema. Shukrani ya punda ni mateke, na historia imekwisha kuonyesha kwamba hata taasisi kubwa yaweza kutoa shukrani ya namna hiyo. Wanawake wanaowapokea mabinti watoro, walimu wanaotoa taarifa, ngariba walioziweka chini nyembe zao na kuyakosa malipo yao, wote hao wanatengwa na koo zao leo. Tusingoje wafe ndipo tuwatafutie barabara.

Kwa hiyo twasema wazi kwa wakuu wa wilaya za Tarime na Serengeti, kwa makamanda wa polisi, kwa makatibu tarafa na watendaji wa kata na vijiji: ipangeni Desemba kabla haijafika. Walimu wakuu waorodheshe mabinti walio hatarini kabla shule hazijafungwa, na waorodheshe tena zitakapofunguliwa, na kila aliyekosekana aulizwe yuko wapi. Nyumba salama zipewe chakula na askari kabla ya msimu. Wazee wa mila waitwe mapema, kwa heshima yao yote, waelezwe sheria mbele ya mashahidi, ili asiwepo wa kusema hakujua. Doria iwekwe mpakani. Na kesi zitakazofunguliwa zifikishwe mwisho, zisimalizwe chini ya mti kwa mbuzi mmoja.

Kwa wazee wetu nao tuna neno la adabu. Hakuna anayetaka Wakurya, Wangoreme, Waikoma au Wanata waache kuwa walivyo. Ukoo uliowalea watu shujaa utabaki ukoo. Bibi Titi hakuacha kuwa mwanamke wa pwani, wala hakuacha dini yake, wala hakuacha kuimba. Alichoacha ni kukaa kimya.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Titi Mohamed, amlipe kwa yale tuliyoshindwa kumlipa. Ikifika Januari, na walimu wakaita majina darasani huko Nyamwaga, Sirari, Nata na Mugumu, na mabinti wote wakaitikia, hapo ndipo tutakapoweza kusema kwamba Mkoa wa Mara umeanza kulipunguza deni lake.